Nyumba zangu kwenye The Sims 4 zinatoka boksi tupu, mnaanzia wapi?

Zuhura_Mjenzi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wale mnaopenda kujenga kuliko hata kuendesha maisha ya Sim wenyewe.

Nacheza The Sims 4, gemu ya kujenga nyumba na kuendesha maisha ya watu wa kwenye skrini waitwao Sim, ile ya msingi, bila pakiti za nyongeza hata moja. Niliipakua baada ya kufanywa bure Oktoba 2022. Familia yangu ni mama, babu na binti, kwa hiyo nilianza na simoleoni (hela ya humo) 24,000: zile 20,000 za Sim wa kwanza na 2,000 kwa kila anayeongezeka. Motherlode, lile neno la siri la kujiongezea hela, nalijua, sitaki kuliandika. Nataka nyumba ipatikane ndani ya hela hiyohiyo.

Nimejenga Newcrest, mji mmojawapo wa humo, kiwanja cha miraba 30 kwa 20. Nyumba ni mstatili wa miraba 12 kwa mbele na 10 kwenda nyuma. Ndani kuta mbili zinakatizana katikati, nikapata vyumba vinne, na bafu nimelimega pembeni mwa chumba cha babu. Juu ni paa moja la migongo minne lililofunika kila kitu. Mbele kuna mlango, dirisha kushoto, dirisha kulia. Mlango wenyewe unagoma kukaa katikati, kila nikiusogeza unaangukia upande mmoja. Ukuta mweupe, paa jekundu.

Ndani wanaishi vizuri tu, wanakula, wanalala, binti anafanya kazi zake za shule. Ila nikiivuta kamera nje nikaitazama, hamu yote inaisha. Galari, pale wachezaji wanapoweka nyumba zao wengine wapakue, imejaa nyumba za watu zinazopendeza, lakini ukipakua ya mwenzio hupati ile raha ya kusema hii nimeisimamisha mwenyewe.

Maswali yangu mawili. Mnaanzia nje au ndani? Na ni kitu gani hasa kinachofanya nyumba ya mtu ivutie na yangu ipoe, ilhali kuta, madirisha na vigae tunatumia vilevile?

fundi_kivuli

Dada Zuhura, swali lako la pili ndilo limebeba kila kitu, kwa hiyo naanza nalo. Nyumba yako inakosa kivuli. Rangi haina shida, madirisha hayana shida. Kivuli hakuna.

Kabla hujabomoa chochote, fanya jaribio hili. Ukiwa upande wa kujenga kuna kitufe cha kubadilisha saa ya siku. Weka asubuhi, tazama uso wa nyumba. Weka jioni, tazama tena. Jua limehama lakini ukuta wako uko vilevile, mrefu, mweupe mwanzo hadi mwisho, na kivuli pekee ni ule mstari mwembamba chini ya upenu. Sasa nenda kiwanja kingine, weka nyumba yoyote ya Galari uliyoipenda, ubadilishe saa kwa namna ileile. Utaona ukuta mmoja unautupia mwingine kivuli, nguzo zinachora mistari kwenye kibaraza, mlango umezama ndani gizani kidogo. Jicho linajua hapa pametokeza na pale pamerudi ndani kwa sababu ya hivyo vivuli. Pakiwa hapana kivuli, jicho linaona karatasi.

Kwa hiyo kila uamuzi wa nje mimi naupima kwa swali moja: hiki kitaongeza kivuli au hakitaongeza?

Sasa tuichukue nyumba yako. Usianze na mstatili kisha ukaugawa. Anza na vyumba, kila kimoja kama kipande chake, halafu uvibandike. The Sims 4 imekurahisishia hili kuliko matoleo yote ya nyuma, kwa sababu chumba ni kitu kimoja: unakibofya, unakishika, unakihamisha chote pamoja na vilivyomo, au unausukuma ukuta mmoja kwa mshale wake. Tumia hiyo nguvu. Kipande cha kati kiwe sebule na jiko, miraba 7 kwa mbele na 9 kwenda nyuma. Kushoto bandika chumba cha babu, 4 kwa 4, lakini kirudishe nyuma miraba miwili kutoka uso wa sebule. Nyuma yake bafu la 2 kwa 3. Kulia bandika chumba cha mama na cha binti, kila kimoja 4 kwa 4, kimoja nyuma ya kingine, navyo virudi nyuma mraba mmoja. Piga hesabu: 63, na 48 za vyumba vitatu, na 6 za bafu, jumla 117. Ile yako ilikuwa 120. Eneo ni lilelile, umeongeza urefu wa ukuta tu, na ukuta si kitu cha kukumalizia hela. Ila sasa uso wa nyumba una hatua tatu badala ya moja.

Umeona nimekupa 7 mbele? Hilo nalisisitiza. Mlango wa kawaida unachukua mraba mmoja, na mraba mmoja unakaa katikati ya ukuta wa witiri tu. Wewe ulikuwa na 12, ambayo ni shufwa, ndiyo maana mlango ulikugomea. Na hata kama ungekubali, ule ukuta wako wa ndani unaokuja kugonga mbele uko palepale katikati. Kwenye 7, mlango unakaa mraba wa nne, inabaki mitatu kushoto na mitatu kulia, na dirisha la mraba mmoja linakaa katikati ya mitatu hiyo bila ugomvi. Ukitaka mlango wa miraba miwili, geuza hesabu, fanya ukuta uwe 6 au 8. Amua mlango kwanza, ndipo uchague urefu wa ukuta.

Paa. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapofia. Usifunike kila kitu kwa paa moja. Kila kipande kipe paa lake. Kipande cha kati kipe mgongo wa tembo, ile pembetatu ikitazama barabara. Upande wa kulia una upana wa 4, nao upe mgongo wa tembo uelekee hukohuko. Kwa mwinuko uleule paa la upana wa 4 litakuwa fupi kuliko la upana wa 7, kwa hiyo tofauti ya kimo inakuja yenyewe. Kushoto kwa babu weka lile la mteremko mmoja, liegemee ukuta wa kati. Paa moja litachomoza upenu wake ndani ya ukuta wa jirani, usihangaike: shika Shift unapovuta upenu, utasogea upande huo tu na pande nyingine zitabaki zilivyo. Upenu wa mbele uachie utoke nje vizuri. Upenu uliobanwa ukutani hauleti kivuli.

Kisha msingi. Inua kidogo, ngazi mbili tatu zinatosha. Nyumba iliyokaa chini kabisa kwenye nyasi inaonekana imewekwa kwa muda. Ukiinua unapata mstari wa jiwe chini ya ukuta, na unapata sababu ya kuwa na kibaraza. Mbele ya mlango weka kibaraza cha miraba mitatu kwa miwili, nguzo mbili pembeni, kipaa chake kidogo juu. Nguzo ziwe nene kiasi. Ukiweka vile vijiti vyembamba, kutoka barabarani hutaviona kabisa.

Madirisha chagua ukoo mmoja ubaki nao nyumba nzima. Dirisha la bafu liwe dogo, la sebule liwe pana, lakini fremu ziwe za mtindo mmoja na rangi moja. Na vichwa vya madirisha viwe kwenye mstari mmoja. Kama dirisha dogo limekaa chini mno, shika Alt ulipandishe ukutani mpaka kichwa chake kilingane na wenzake. Hili dogo linaonekana kuliko unavyodhani.

Jenga umbo hilo kwanza, ukuta bila rangi. Nyumba ikipendeza ikiwa haina rangi, rangi yoyote utakayoweka itakubali.

Mchora_Ramani

Naunga mkono la kivuli, ila boksi lenyewe msilitukane. Mimi najenga nyumba za kisasa, paa la kujificha, na karibu zote ni mstatili. Zinasimama vizuri.

Tofauti ni kwamba kwenye boksi huongezi vipande, unachimba. Chukua mstatili wako, kata kona moja ya mbele miraba miwili kwa mitatu, mlango uingie humo ndani ya ile kona. Juu ya kona acha sakafu ya ghorofa au paa bapa ipite kama dari. Tayari una kivuli kizito kimoja, na kimoja kizito kinatosha kwa nyumba ya aina hiyo. Halafu upande mmoja weka kioo kikubwa kutoka sakafuni hadi juu, na upande wa pili acha ukuta mtupu kabisa. Wengi wanaogopa ukuta mtupu, wanauchomeka dirisha kila baada ya mraba mmoja, nyumba inakuwa na vitobo. Ukuta mtupu ndio unaokipa kile kioo ukubwa wake.

Na kuhusu kuanzia nje au ndani, mimi ni wa ndani. Ninachora kwenye karatasi ya miraba kabla sijafungua gemu: nani analala wapi, nani anaamka wa kwanza, nani anapita wapi kwenda bafuni. Will Wright, aliyebuni The Sims, alipoteza nyumba yake kwenye moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991, na katika kuanza maisha upya ndipo wazo la gemu hii likaanza kukua. Mwanzoni ilikuwa hasa gemu ya usanifu wa majengo, na wale watu wadogo waliwekwa ili waipime nyumba, kama inakalika au haikaliki. Toleo la kwanza lilipotoka mwaka 2000 watu wadogo ndio walikuwa wameteka kila kitu. Mimi bado naichukulia kwa ile asili yake. Sim anayezunguka nusu ya nyumba kutafuta sinki anakuambia ramani ni mbaya, hata kama nje panameremeta.

Zuhura_Mjenzi

Fundi, nimeshajenga umbo lako na sikuamini kwamba ni vifaa vilevile. Ile hatua ya chumba cha babu kurudi nyuma miraba miwili imebadilisha kila kitu, nikaweka vichaka viwili pale kwenye pengo na pamependeza. Jioni kibaraza kinatupa kivuli hadi kwenye ngazi. Asante sana.

Mchora_Ramani, na wewe umenipa kazi ya nyumba ya pili, nitaijaribu ile ya kuchimba kona.

Sasa nimekwama ndani. Sebule na jiko ni ule ukumbi wa 7 kwa 9. Nimepanga kochi ukutani, runinga ukuta wa pili, meza ya chakula katikati, makabati ya jiko nyuma. Nimebakiwa na uwanja wa kuchezea mpira. Na hela imebaki kidogo, siwezi kununua vitu vingi vya kujazia.

fundi_kivuli

Usijaze. Vuta vitu viondoke ukutani.

Kochi lililobandikwa ukutani linamwachia kila mtu katikati tupu, na hilo ndilo unaloliona. Lisogeze kochi mbele, ligeuze mgongo wake utazame jiko, runinga iwe mbele yake umbali wa miraba mitatu hivi. Chini weka zulia kubwa, miguu ya mbele ya kochi ikanyage zulia. Papo hapo umepata sebule yenye mipaka bila kujenga ukuta. Nyuma ya kochi acha mraba mmoja wa kupita, kisha ndiyo ianze meza ya chakula. Ukitaka kutenganisha zaidi, badilisha sakafu: mbao upande wa sebule, vigae upande wa jiko, mstari ukatike palepale nyuma ya kochi.

Jiko nalo usiliweke mstari mmoja mrefu ukutani. Lipinde liwe L, jokofu mwanzo, kaunta katikati, jiko la kupikia upande wa pili, sinki karibu. Mama akipika asogee hatua mbili tatu tu.

Kimo cha ukuta umeweka kipi? Kuna vitatu, kifupi, cha kati na kirefu. Kama uliweka cha kati au kirefu, shusha kiwe kifupi. Nyumba ya familia ndogo yenye ukuta mrefu ndani inakuwa na baridi, picha zinaelea, madirisha yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Ukuta mrefu uuweke akiba kwa jumba la ghorofa lenye ngazi kubwa. Ukishusha, kumbuka madirisha mengi yana toleo lake kwa kila kimo, kwa hiyo chagua upya yale ya kimo kifupi.

Kwa hela iliyobaki, nakushauri uiweke kwenye vitu vinne. Kitanda cha babu kwanza, maana kitanda cha bei ya chini kinarudisha nguvu polepole. Taa za mezani mbili, kwa sababu taa moja ya darini inamwaga mwanga sawasawa kila mahali na tunarudi kulekule kwenye kukosa kivuli. Ukiingia kwenye kucheza, bofya taa, unaweza kupunguza ukali wake na kubadilisha rangi ya mwanga. Ya darini ipunguze, za mezani zipe rangi ya joto kidogo. Halafu picha moja kubwa ya ukutani badala ya ndogo tano, na mmea mmoja mrefu kwenye ile kona ya runinga. Vitu vya mapambo vinawapa Sim ile hali ya kufurahia mazingira, kwa hiyo hela haipotei.

Na chagua mbao moja. Hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu ndicho kinachotofautisha chumba kilichotulia na kinachopiga kelele. Kabati la jiko, meza, viti, fremu ya picha, miguu ya kochi, vyote viwe na mbao ya rangi moja au zinazokaribiana sana. Karibu kila kitu kina rangi kadhaa za kuchagua, zipitie zote. Ukipata mchanganyiko unaoupenda, bonyeza E kisha gusa kile kitu, gemu inakunakilia kilekile na rangi yake, huna haja ya kukitafuta upya kwenye orodha. Rangi zangu mimi ni tatu kwa nyumba nzima: moja ya kuta, moja ya mbao, moja ya kuchangamsha. Ya kuchangamsha inaonekana kwenye mlango wa mbele, kwenye mito ya kochi, kwenye taulo za bafu, basi.

Mama_Mapacha

Naomba nichomekee moja kabla Zuhura hajaanza kujaza vitu. Atakutana na watu wakimwambia aandike bb.moveobjects on, na ni ushauri mzuri, mimi natumia kila siku. Unabonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, kisanduku kinafunguka juu, unaandika. Baada ya hapo vitu vinakubali kuingiliana, na ukishika Alt unaweka kitu popote bila kufuata miraba. Namba 9 inapandisha kitu, 0 inashusha. Shift na mabano ya mraba yanakuza na kupunguza ukubwa. Hapo ndipo vitabu vinaegemeana kwenye rafu na vichaka vinapata ukubwa tofautitofauti.

Lakini gemu haikukatazi tena unapoziba njia. Mimi nina sheria: vitu vya urembo vinaingiliana vinavyotaka, vitu vya kutumika vinabaki kwenye miraba yake. Kitanda, choo, sinki, jokofu, kiti cha meza ya chakula, hivyo kila kimoja kiwe na mraba mtupu pale Sim anaposimama. Ukimaliza chumba, ingia kwenye kucheza, bofya sakafu ya kila kona umwambie Sim aende pale. Akifika, sawa. Akisimama akapunga mikono na kulalamika, kuna kitu kimeziba. Kwenye nyumba nzuri nyingi za Galari tatizo ni hili, zimepigwa picha vizuri lakini mtoto hafiki kitandani kwake.

Na ukiwa na mapacha, usithubutu kuweka vitanda viwili kwenye chumba cha 4 kwa 4 pamoja na meza mbili za shule. Ongeza mraba mmoja.

Mchora_Ramani

Hapo kwa Mama_Mapacha nakubali kila neno. Niongeze kwa ukumbi wa Zuhura: majukwaa. Yaliingia kwenye gemu ya msingi kwa sasisho la mwishoni mwa 2020 na ni ya bure. Inua sehemu ya jiko na meza ya chakula kidogo juu ya sebule, weka ngazi fupi upande mmoja. Utapata mgawanyo ule ule anaousema fundi, na kile kimo chenyewe kinatupa kivuli. Chumba cha 7 kwa 9 kinabeba hilo bila shida.

Zuhura_Mjenzi

Nimegeuza kochi, nimeshusha kuta, nimeweka mbao moja. Mama_Mapacha, nimefanya jaribio lako, babu alikwama kati ya kitanda na kabati, nimelitoa kabati. Jukwaa bado, kwa sababu nina wasiwasi na paa: nikiinua sakafu ya jiko, je, dari haitambana?

fundi_kivuli

Haibani kama unainua kidogo. Jukwaa linapanda ndani ya chumba na ukuta wa nje unabaki kimo chake, kwa hiyo paa halisogei. Kinachobadilika ni nafasi kati ya sakafu na dari upande wa jiko, na hapo ndipo kimo kifupi cha ukuta kinakutaka uwe mwangalifu. Inua ngazi mbili usizidi, maana makabati ya juu ya jiko yatasogea karibu na dari na yataonekana yamebanwa. Na lile dirisha la jikoni lipandishe kwa Alt, la sivyo kaunta italila nusu.

Ngazi ya kushukia usiiweke nyuma ya kochi moja kwa moja. Iweke upande wa kulia, kwenye mlango wa kwenda vyumba vya mama na binti, ndiyo njia yao ya kila asubuhi.